Gumba na Shahada

"Dokta, mbona mdomoni kwangu kunanuka kama choo kilichotoka kuoshwa?"

Swali hilo nimeulizwa mara nyingi kuliko swali la bei. Mgonjwa kalala kitini, mdomo wazi, shavu moja limekufa ganzi, lakini pua bado inafanya kazi. Zamani nilikuwa nikijibu kwa mkato: ni dawa. Siku hizi natoa mikono mdomoni mwake na kumwambia kwamba ni jiki. Siyo chupa ya chooni kwako, namwambia, lakini ukoo ni mmoja, klorini ileile inayotoa madoa kwenye mashuka. Wengine hucheka. Wapo wanaoshika mikono ya kiti wakitaka kushuka, na siwalaumu.

Matibabu ya mzizi wa jino watu wengi huku kwetu wanayaita kuua mshipa, na wakiyasimulia wanasimulia sindano ya ganzi, mashine inayolia kama nyigu, na vile vyuma vyembamba, mafaili, ambavyo daktari anavisokota ndani ya jino kama mtu anayezibua jiko la mafuta kwa pini. Mimi mwenyewe nilimaliza chuo nikiamini hivyo. Niliamini kwamba jino linasafishwa na chuma, na maji ni ya kusuuzia tu, kama unavyomwagia sufuria maji baada ya kulisugua. Ilinichukua muda kukubali kwamba ni kinyume chake. Chuma kinachonga njia. Anayesafisha ni maji.

Ukitazama picha ya eksirei, mizizi ya gego inaonekana kama barabara za Ngamiani pale Tanga: zimenyooka, unaweza hata kuzipa namba. Kumbe ndani ni Mji Mkongwe. Mfereji mmoja unagawanyika mara mbili na kuungana tena mbele, unatoa vichochoro ubavuni, unaacha vijumba ambavyo faili halifiki hata ulisokote mpaka kesho. Mwaka 2001 watafiti wa Zurich walipiga picha za CT za mizizi kabla na baada ya kuchongwa kwa mafaili ya kisasa, na kila mtindo walioujaribu uliacha asilimia 35 au zaidi ya kuta bila kuguswa. Theluthi nzima ya nyumba hujaifagia, nawe umeshafunga mlango na kuondoka. Na wanaobaki mle ndani, bakteria, ndio wenye kesi yote. Kuna jaribio la Marekani la mwaka 1965 ambalo wanafunzi wote wa meno hulisoma: panya waliolelewa bila kijidudu hata kimoja walitobolewa magego hadi kwenye kiini, ile nyama laini ya ndani ya jino, wakaachwa hivyohivyo wale chakula chao, na viini vikajitengenezea kifuniko vyenyewe. Panya wa kawaida waliofanyiwa jambo lilelile, viini vilioza.

Mwalimu wetu wa vitendo alituonyesha kazi ya jiki kwa njia ambayo sijaisahau. Alikuja na kipande cha nyama mbichi, ukubwa wa kucha, akakidumbukiza kwenye glasi ya jiki. Vipovu vikaanza kupanda. Kingo za nyama zikapauka, zikawa kama ute, na somo lilipokaribia kwisha kile kipande kilikuwa kimebaki kidogo kama punje ya mahindi. "Hakuna faili la kufanya hivyo ndani ya kichochoro," alisema, sisi tukaandika. Kisha akaongeza, huku akikusanya vitu vyake na kengele ikiwa imeshalia, kwamba nyama hai nayo ni nyama. Hilo sikuliandika.

Mwaka 2016 nilikuwa Tanga, kwenye kliniki ya mtu binafsi, viti viwili, daktari mkuu mmoja na mimi niliyekuwa na umri wa miaka 27. Kabla sijafika kwenye kosa lenyewe inabidi nianze na kosa lililolitangulia, kwa sababu bila lile la kwanza la pili lisingetokea.

Kulikuwa na mzee mmoja, mwalimu mstaafu, gego lake la chini kulia. Nilimtibu mara tatu. Kila nikifungua, harufu ya uozo ni ileile. Kila nikifunga, baada ya siku nne anarudi na shavu limejaa. Nilipima urefu upya, nikatafuta mfereji wa nne nikaupata, nikauchonga, nikaosha, nikaosha tena. Mara ya nne hakuja. Nikasikia kwamba kang'oa kwingine, kalipa mara ya pili kwa kuondoa kilekile alichonilipa mimi nikiokoe.

Siku ile ile niliposikia habari hiyo nilikuwa nimesimama karibu na dirisha, na jua la asubuhi lilikuwa limepiga kwenye chupa yetu ya jiki. Chupa yenyewe ilikuwa ya maji ya kunywa, ile nyeupe ya plastiki, kwa sababu chupa kubwa ilikuwa nzito na nesi alipenda kugawa kidogokidogo. Ilikaa pale dirishani wiki nzima, wakati mwingine wiki mbili, jua la Tanga likiipika kila asubuhi. Niliifungua nikanusa. Ilinuka kama kumbukumbu ya jiki. Nikaenda kwa mama lishe wa jirani nikaomba kipande cha nyama, nikakitia kwenye kikombe nikamimina. Saa nzima ilipita. Nyama ilikaa pale kama imealikwa.

Jiki haipendi mwanga wala joto. Nguvu yake inatoroka taratibu na haikuachii taarifa, rangi haibadiliki. Nilikuwa nimemwosha mzee wa watu mara tatu kwa maji ya kisima. Daktari mkuu alicheka, akasema tununue chupa nyeusi. Mimi sikucheka. Niliona aibu ile inayokufanya uzidishe, kama mpishi aliyeambiwa mchuzi hauna chumvi, na sahani inayofuata hailiki.

Aliyekuja baada yake ni dada mmoja fundi cherehani, miaka 24. Jino lake la mbele juu, upande wa kushoto, lilikuwa limegeuka rangi kama chai ya maziwa iliyopoa. Alikuwa na mazoea ya kucheka huku ameziba mdomo kwa pembe ya mtandio, na alisema amechoka. Jino lilikufa lini? Aliporudi nyuma kuhesabu ikawa alianguka kwenye mwembe akiwa darasa la pili, miaka 8. Halikumuuma sana wakati ule. Lilinyamaza tu, kisha likaanza kupata kijipu juu ya fizi, kinapasuka, kinakauka, kinarudi.

Hapo ndipo ningepaswa kusimama. Meno ya mbele ya juu hutoka mtoto akiwa na miaka 7 au 8, lakini mzizi unakuwa bado haujamaliza kujengwa. Huchukua kama miaka mitatu zaidi mpaka ncha ifunge na kubaki katundu ka kupitisha mshipa. Yeye alianguka ujenzi ukiwa katikati. Jino likafa, mafundi wakaondoka, na nyumba ikabaki bila ukuta wa nyuma. Kwenye eksirei yake mzizi ulionekana wazi kabisa: kuta nyembamba, na mwisho umepanuka kama mdomo wa tarumbeta. Niliiona picha hiyo. Nilichoandika kwenye faili lake ni maneno mawili, "mfereji mpana", na nakumbuka kwamba nilifurahi, kwa sababu mfereji mpana ni rahisi kuosha.

Zile sindano zetu za kuoshea, ambazo ncha yake imezibwa na tundu liko ubavuni, zilikuwa zimekwisha. Nilichukua sindano ya kawaida, namba 27, tundu mbele kama la sindano yoyote ya kuchomea, nikaikunja kidogo kwa koleo. Jiki nilifungua chupa mpya, ile kali ya asilimia 5.25, na sikuichanganya na maji. Nilijiambia kwamba huyu hataondoka na harufu ya uozo. Nikaingiza sindano mpaka ikakwama, na kule kukwama nikakupokea kama dalili kwamba nimefika. Nikaweka gumba kwenye pistoni, nikasukuma.

Hakupiga kelele. Alinishika kifundo cha mkono kwa nguvu ambayo sikuitarajia kwa mtu aliyechomwa ganzi vizuri, na alama za kucha zake nilikuwa nazo mpaka jioni. Nikatoa sindano. Nilichokiona kwanza ni damu, ikipanda kutoka ndani ya jino lililokufa miaka 16, jino ambalo dakika moja nyuma halikuwa na hata tone. Halafu mdomo wa juu ukaanza kuumuka. Naandika kuumuka kwa sababu hakuna neno jingine: ulikuwa kama unga wa maandazi uliowekwa juani, unauangalia na unakua. Mkunjo kati ya pua na shavu ukapotea. Chini ya jicho la kushoto ngozi ikavutika na kung'aa.

Nilidhani anakufa. Nilidhani ni mzio, nikaanza kutafuta adrenalini, nikaangalia kifua chake kinavyopanda. Alikuwa anapumua vizuri, anaongea, anasema "panaungua, dokta, panaungua ndani". Daktari mkuu akaja, akatazama damu, akatazama sindano mkononi mwangu, hakuuliza kitu. "Maji ya chumvi," alisema. "Mengi. Polepole." Nikaosha na maji ya dripu, safari hii sindano ikiwa imesimama juujuu, nikaiacha damu itoke bila kuizuia, kwa sababu inatoka na ile jiki. Tukamwongeza ganzi karibu na shimo la mshipa chini ya jicho. Nikamfunika jicho moja kisha jingine nikimuuliza vidole vingapi. Nesi akakimbia dukani akarudi na barafu ya mfuko, ile ya ubuyu, ya shilingi mia, tukaifunga kwenye kitambaa safi na kuiweka shavuni. Ubuyu ulipoyeyuka ukamchirizikia shingoni, mwekundu, na kwa muda hakuna aliyejua kipi ni damu.

Dawa za maumivu, antibiotiki kwa tahadhari, barafu leo, kitambaa cha maji ya moto kuanzia kesho, namba yangu ya simu. Haya yote tuliyafanya sawa, na ningeyafanya vilevile leo.

Kisha kwenye korido daktari mkuu akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwambie ni mzio." Nikarudi chumbani, nikamwambia, "Dada, mwili wako umeikataa dawa. Ni mzio." Akaitikia kwa kichwa. Akanishukuru.

Nimeshawahi kusikia watu wakisema uongo wa daktari ni wa kumtuliza mgonjwa. Ule wangu ulikuwa wa kunituliza mimi. Na kuna jambo sikulifikiria hata kidogo: kwamba huyu dada sasa anaondoka na ugonjwa asiokuwa nao. Siku atakapokwenda hospitali nyingine kujifungua kwa upasuaji, atasema ana mzio wa ganzi, na mtu atamwamini.

Ijumaa, nikiwa na mgonjwa, nesi akaniambia kuna kaka nje, dereva wa bajaji, hataki kukaa. Nikatoka.

"Dada dokta, mimi nina kesi," alisema.

Uvimbe wa mkewe ulikuwa umeanza kushuka, lakini damu iliyovuja chini ya ngozi ilikuwa imejikusanya pale inapopenda kujikusanya: chini ya jicho, nyeusi, yenye duara safi, na nyingine kwenye shavu hadi pembe ya mdomo. Jirani wa kwanza aliuliza. Wa pili hakuuliza, alinyamaza, na huyo ndiye mbaya. Mama mkwe akapigiwa simu Muheza, akafika na begi. Mkewe anaapa ni mzio wa dawa ya meno. Mama anasema hajawahi kuona mzio unaoacha alama ya ngumi. Saa kumi jioni wanatakiwa kwa mjumbe, na mama ameshatamka Dawati la Jinsia polisi.

"Nakuomba barua tu," alisema.

Nikaingia ndani nikaanza kuandika. "Mtajwa hapo juu alipata athari za dawa." Nikaisoma. Ilikuwa barua ya mtu anayenyemelea mlango wa nyuma. Nilipompa akaisoma akanirudishia. "Hii wataniambia nimeinunua," alisema, na alikuwa sahihi. Nikamwambia nitakwenda mwenyewe.

Dukani njiani nilinunua mirija miwili ya juisi, sijui kwa nini, nadhani mikono ilihitaji kitu cha kushika. Kwenye mkoba nilikuwa na bomba la sindano jipya.

Kwa mjumbe palikuwa na mkeka barazani, mzee mwenyewe amevaa kofia ya kiua, daftari la kaunta mapajani. Mama wa yule dada alikaa pembeni, kanga imebanwa kifuani, hakunitazama. Yule dada alikaa katikati yake na mumewe, kitambaa kimefunika nusu ya uso.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu," alisema mzee. Mama aliitikia kwa midomo tu.

Nikaanza kwa Kiswahili cha kliniki, hipokloraiti, tishu, ncha ya mzizi, na nikaona uso wa mjumbe unafungwa kama duka. Nikaacha. Nikamwomba dada uzi. Mtu wa cherehani hakosi uzi. Nikakunja mwisho wa mrija mmoja, nikaufunga kwa uzi wake.

"Mzee, jino la mtu mzima liko hivi. Chini limefungwa, kumebaki katundu kadogo sana. Nikimimina maji polepole, na bomba langu halijabana, yanashuka yanaosha yanarudi juu." Nikamimina, maji yakanirudia vidoleni. "Jino la binti yenu liko hivi." Nikachukua mrija wa pili, wazi pande zote mbili. "Alipoanguka kwenye mwembe lilikuwa halijafunga. Mama atakuwa anakumbuka."

Mama akanitazama kwa mara ya kwanza. "Nakumbuka," alisema. "Miaka minane."

"Mimi niliona kwenye picha kwamba liko wazi, sikutilia maanani. Nikaingiza bomba mpaka likabana, kama kizibo, maji hayana pa kurudi. Nikasukuma kwa nguvu." Nikachomeka bomba kwenye mrija, nikaweka gumba, nikasukuma, na maji yakaruka kutoka upande wa pili yakatua kwenye daftari la mjumbe, kwenye mistari ya wino, majina ya watu yakaanza kuchuja. Mzee aliinua daftari haraka akalipangusa kwa kanzu. "Haya yalikuwa maji ya bomba," nikasema. "Kwake ilikuwa jiki, na ilikwenda ndani ya shavu."

Barazani pakawa kimya. Bodaboda moja ilipita.

"Kwa hiyo ni wewe," mama alisema.

"Ni mimi, mama."

"Si yeye."

"Si yeye."

"Na huo mzio?"

"Hakuna mzio. Nilidanganya."

Yule dada akashusha kitambaa usoni. Hakuwa na hasira niliyoitegemea, alikuwa tu anautazama ule mrija wazi mkononi mwangu, kana kwamba amepata kipimo cha nguo aliyokuwa akiishona kwa kubahatisha. Mjumbe akaniuliza swali moja tu la kitaalamu, na lilikuwa bora kuliko mengi niliyoulizwa kwenye mtihani wa mwisho: kama gumba lina nguvu mno, mnatumia kidole gani? Nikamwambia, cha shahada. Kidole cha shahada kikisukuma kinachoka mapema, hakiwezi kulazimisha. Maji yakikataa kwenda, kidole kinajua kabla yako.

Mzee akacheka peke yake. "Shahada unayo ukutani, mwanangu, nimeiona siku nilipoleta mjukuu," alisema. "Sasa uishushe kwenye mkono."

Mama hakucheka. Alitaka hela ya binti yake irudi, yote, na ya dawa, na ya nauli yake ya Muheza. Nilizilipa kutoka mfukoni kwangu mwisho wa mwezi. Yule kaka alinirudisha kliniki kwa bajaji yake, njia nzima hakusema neno, na tulipofika akanidai nauli kamili. Nikalipa na hiyo.

Baada ya hapo nilisoma sana, usiku, kwa hamaki. Nikakutana na habari ambayo ningeipata siku ya kwanza kama ningekuwa na subira: dawa hii haikuanzia kwenye meno. Mwaka 1915, vita vya kwanza vya dunia vikiendelea, mkemia Mwingereza Henry Dakin na daktari wa upasuaji Mfaransa Alexis Carrel walikuwa Compiègne, Ufaransa, wakihangaika na majeraha ya askari yaliyokuwa yakioza. Walitafuta dawa ya kuua vijidudu bila kula nyama nzima, wakatua kwenye jiki ya asilimia 0.5. Mara kumi hafifu kuliko niliyoisukuma shavuni mwa mtu. Na waliiosha jeraha kwa mpangilio, kila baada ya muda, kwa mirija midogo. Walitegemea muda na kurudia. Nguvu hawakuitegemea.

Nilibadilisha mambo mengi, mengine madogo hata kuyataja ni kujisifu. Chupa ni nyeusi, ina tarehe, inakaa kabatini. Jiki naitumia ya asilimia 2 na ushee kwa magego yaliyofunga, na hafifu zaidi kwa mzizi ulio wazi, nikiibadilisha mara kwa mara. Siku hizi nusu saa nzima inaweza kupita nikiosha tu, na mgonjwa anadhani nimeishiwa la kufanya. Sindano ni namba 30 yenye tundu ubavuni, ina kipete cha raba nilichokipima, isimame milimita mbili tatu kabla ya mwisho, na inacheza juu na chini muda wote, ikikwama natoa. Kabla ya kuziba naingiza maji ya EDTA ya asilimia 17 kwa kama dakika moja, yanayeyusha lile tope la unga wa jino linalobaki ukutani baada ya faili. Klorheksidini, dawa nyingine ya kuua vijidudu, siichanganyi na jiki. Niliwahi, na mfereji ukajaa masimbi ya rangi ya chai ya rangi ambayo nilikaa nayo mpaka adhana ya adhuhuri nikiyakwangua. Shuka la mpira juu ya jino ni lazima, hata mgonjwa akilalamika kwamba anajiona kama ngoma inayowambwa.

Ila hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachofanya kazi kama sijaitazama picha. Sasa naitazama mara mbili, na swali ni lilelile: huu mlango wa nyuma, umefungwa?

Alama ya usoni ilipita rangi zake zote, nyeusi, zambarau, kijani, manjano, ikaisha kama wiki mbili. Sehemu ndogo ya mdomo wa juu ilibaki na ganzi kwa karibu miezi miwili, na kila aliponipigia simu nilijua ni kuhusu hapo. Sikutegemea kwamba angerudi kulimalizia jino, lakini alirudi, na mama yake alikaa kwenye kiti cha nesi, ndani ya chumba, mkoba mapajani, akiniangalia mkono. Niliosha kwa jiki hafifu. Nikaweka kalsiamu haidroksaidi kwa wiki kadhaa, na kijipu kikakauka kisirudi tena. Kisha nikaziba ile ncha iliyoachwa wazi kwa MTA, saruji ya meno ambayo kwa kweli ni ndugu wa saruji ya kujengea, inaganda hata penye majimaji. Mafundi walioondoka mwembeni wakawa wamerudi kumalizia ukuta. Jino tukalifanya jeupe kwa ndani. Kwenye faili lake nilifuta neno mzio kwa mistari miwili, nikaandika pembeni kilichotokea, nikatia sahihi.

Mwaka uliofuata yule kaka wa bajaji alikuja mwenyewe, gego la chini, hajalala siku tatu. Sikumuuliza kwa nini amekuja kwangu na wakati meno yanatibiwa kwingi. Nilimchoma ganzi, nikatandaza shuka la mpira, nikachonga, nikavuta jiki kwenye bomba. Harufu ilipomfikia alifumbua macho. Hakuweza kuongea na vyuma vyote vile mdomoni, ila aliinua mkono wake wa kulia mbele ya uso wangu, akanionyesha gumba, kisha akakikunja akanyoosha cha pili, akasubiri.

Nikamwonyesha changu.